Aliyefyeka Mahindi, Akapewa Jembe

Nani kakwambia namwonea wivu? Kapteni alipigana vita vya Kagera, sibishi. Alirudi na kovu shingoni, na sisi wa Ganako, huku Karatu, tukamkimbilia barabarani na matawi, mimi mbele, nikipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Mtoto wa mkulima mwenzetu, kavaa nyota begani! Ushujaa wake simnyimi. Mimi naongelea alichofanya baada ya kuvua gwanda.

Serikali ilimpa ukubwa kule Wasso, makao ya wilaya ya Ngorongoro. Huko juu Ngorongoro kulima kulikuwa marufuku, ardhi ni ya wanyama na mifugo. Haya, sheria. Lakini dada yangu alikuwa kaolewa Endulen na mfugaji wa Kimasai, na mwanamke wa kwetu, Mwiraqw, umkataze jembe? Alikuwa na kipande nyuma ya boma, kidogo, mbuzi akiruka mara mbili kashakivuka. Mwaka ule ndigana, ile homa ya kupe, ilimaliza ng'ombe wao, maziwa hakuna, watoto wanategemea kile kipande. Wakubwa wengine walikuwa wakipita wanaangalia pembeni. Kapteni alikuja mwenyewe, na mgambo, mahindi yameshatoa mbelewele.

Dada akamwambia kwa Kiiraqw, kwa heshima zote, "Kaka, ngoja basi watoto wachome mabichi."

Akamjibu kwa Kiswahili: "Mama, hapa mimi si kaka yako. Fyekeni!"

Wakafyeka. Na jembe lake wakaondoka nalo. Dada alishuka Karatu juu ya lori na watoto watatu, yule mdogo kavimba miguu kwa njaa.

Halafu ukaja uchaguzi. Enzi zile chama kimoja, wagombea wawili, mmoja anapewa alama ya nyumba, mwenzake jembe. Kapteni kaacha ukubwa, karudi kwetu kutaka ubunge. Nikaapa kijiji chetu hakimpi hata kura moja. Unajua alipewa alama gani? Jembe!

Siku ya mkutano waliletwa wote wawili na Landrova moja ya chama, wakakaa benchi moja kama maharusi. Kapteni akasimama, akanyanyua jembe lenyewe juu.

"Ndugu zangu, nani hapa halijui hili?"

Vigelegele. Mimi nikasimama. "Ndugu mgombea, la dada yangu liko wapi?"

"Dada yako nani, kijana?"

"Wa Endulen! Uliyemfyekea mahindi!"

Mzee mmoja nyuma akadakia, "Kaa chini, shemeji wa Wamasai! Si wampe damu anywe?" Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa mkutano akaruka: "Ukabila! Ukabila ni marufuku kwenye kampeni!" Na kidole kanyooshea mimi, siyo yule mzee.

Kapteni hata jasho halikumtoka. "Mimi nilipewa amri," akasema. "Askari haulizi."

Wakampigia makofi. Makofi! Kwa neno hilo!

Nikasema poa, wapumbavu ni wao, nyumbani kwetu hapati kitu. Baba akarudi kutoka kupiga kura, kavaa koti lake la kanisani.

"Baba, umempa nani?"

"Nimelipa jembe."

"Baba!"

"Sasa ningeipa nyumba? Nyumba inalimwa? Mimi mkulima, we mtoto."

"Lile jembe ndiyo yeye! Yule aliyemfukuzisha mwanao!"

"Yeye ni yeye. Jembe ni jembe. Usinipigie kelele kwangu."

Kapteni alishinda. Akaenda bungeni, akanenepa, kovu likamezwa na shingo. Ila hilo siyo linaloniuma.

Siku ile ya kura dada alikuwa jikoni, ukuta ni wa fito na udongo, neno halikumpita. Akasonga ugali, mtoto yuko mgongoni, akamnawisha baba mikono, akampakulia wa kwanza, akampa na ile mboga nzuri. Baba akala, akashukuru. Mimi nikatoka nje, kile chakula sikukigusa.

Wewe ungempakulia?