Vikombe vya Mama Mdogo

Vidonge vyeupe vya kufukuza nondo vina harufu inayoweza kupenya ukuta wa mawe. Nikiinusa leo, dukani au kwenye koti la mtu aliyeketi mbele yangu kanisani, wivu hunipanda kooni kabla sijakumbuka namwonea nani. Harufu hiyo ilikaa katika sanduku la bati la mama mdogo, mke wa pili wa baba, kule nyumbani karibu na Karungu, na ndani ya sanduku mlikuwa na vikombe sita vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu, visahani vyake, na chupa ya chai yenye maua mekundu. Hata taji la mfalme sidhani limewahi kutunzwa hivyo. Baba alimletea mama mdogo vyombo hivyo alipomuoa, kisha baba akafariki, na tangu hapo vilitoka sandukuni kwa ajili ya wageni tu. Sisi watoto tukipita karibu navyo tuliamriwa tusipumue kwa nguvu.

Nyumba zetu zilikuwa mbili, zikitazamana. Yetu, ya mke mkubwa, ilikuwa ya mabati. Mama aliyanunua kwa kuanika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, bati baada ya bati, jua likimkausha mpaka naye akafanana na omena, na yaling'aa hivi kwamba naamini marubani waliyatumia kuitafuta Kisumu. Ya mama mdogo ilikuwa ya nyasi. Mvua ilinyesha kwanza ndani, ndipo ikakumbuka na nje. Kwa Dholuo, neno la wivu na neno la mke mwenza ni ndugu wa tumbo moja. Mke mwenzako humwita nyieka, na kila mtu anajua unatarajiwa kumtendea nini. Lakini hao wawili waliitana nyieka huku wakikopeshana chumvi na kusukana nywele. Wivu wote walituachia sisi watoto kama urithi: mimi na Adongo, binti wa mama mdogo, tuliozaliwa msimu mmoja na kukaa dawati moja mpaka darasa la nane.

Mwaka huo wa darasa la nane, baada ya mvua za masika, mwalimu wetu wa Kiingereza aliingia na habari. Wageni wa kanisa wangekuja kuchagua msichana mmoja wa kulipiwa karo ya sekondari, na walimtaka atoke familia humble. Sisi tulilitamka hambo. Aliliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akaeleza kwamba lina maana mbili. Ya kwanza ni tabia: mtu asiyejikweza, anayejua kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ya pili ni hali: mtu wa chini, nyumba ya chini, kazi ya chini. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, mtu anaweza kuwa wa ile ya pili bila kuwa wa ile ya kwanza?"

"Anaweza," akajibu. "Wewe, kwa mfano." Darasa likacheka mpaka kuku wakakimbia uwanjani.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, mimi na Adongo tulishindana njia nzima. Sidhani kama watu wamewahi kugombea utajiri kwa bidii tuliyogombea nayo uchochole.

"Hambo ni sisi," alisema Adongo. "Kwetu tunalala na karai kitandani, la kukingia maji."

"Nyinyi mna vikombe vya dhahabu! Sisi tunanywea makopo."

"Na mabati je?"

"Mabati yanaliwa?"

"Basi yang'oe," akasema, akanitolea ulimi.

Na wallahi, niliwaza kuyang'oa. Mama hakuwa na uwezo wa kunipeleka sekondari, nilijua hilo kama nilivyojua jina langu. Mwalimu mkuu alikuwa ametuambia kwamba wageni wangechukua msichana mmoja tu katika boma moja, kwa hiyo ama mimi ama yeye. Usiku sikulala, niliyasikia mabati yakilia kwa baridi juu yangu, nikayachukia. Asubuhi nikamsihi mama asikandike sakafu, asifagie uwanja, awape wageni maji tu kwenye kopo, nami nivae lile gauni lililochanika kwapani.

Mama aliniangalia kana kwamba nimetukana kaburi la baba. "Nyathina, mwanangu, mgeni aje kwangu anywe maji kwa kopo? Unataka wanawake wa ufukweni wanicheke mpaka Kisegi?" Akanivisha gauni la Sabato, akamkamata jogoo, kisha akavuka uwanja. Nilimsikia akiita, "Nyieka, niazime vikombe!" Mama mdogo hakuazima vikombe peke yake. Alitoa na chupa ya chai, na viti vyake viwili, na vitambaa vya kufuma, na meza ndogo, akivipitisha mlangoni kwa mikono miwili huku wakicheka kama wasichana. Aliyebeba vikombe kuvileta kwetu ni Adongo mwenyewe. Alitembea polepole, akitabasamu kama bibi harusi. Yeye alikuwa ameshaelewa. Mimi nilielewa alipoviweka mezani.

Wageni walifika: mama mmoja mnene mwenye miwani, bwana mmoja mkimya, na mzee wa kanisa. Walikula jogoo. Walikunywa chai iliyonukia vidonge vya nondo, wakaomba tena kwa adabu. Yule mama alitazama dari, akatazama vitambaa, akageuza kikombe kuona ukingo wake, akasema, "Nyumba nzuri sana, mama. Mungu amekubariki." Mama akafurahi mpaka akakaribia kuruka. Mimi nilitaka kulia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema kitu kuhusu mwenyeji wa nyumba ya pili.

Kisha wakavuka uwanja. Nikachungulia dirishani, na niliyoyaona siwezi kuyasahau hata nikizikwa mara mbili. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa tupu kama kiganja. Mama mnene akakalishwa kwenye kigoda, yule bwana akakalia karai lililogeuzwa, mzee wa kanisa akasimama. Adongo akapiga magoti, akawapa maji kwa kopo la plastiki lililopasuka mdomo. Mama mnene akavua miwani, akafuta macho. Mezani kwetu chupa ya chai ya Adongo ilikuwa bado ya moto.

Adongo alikwenda sekondari Homa Bay, na kwa kuwa sanduku la shule lilihitajika, mama mdogo alitoa lile lile la bati. Vikombe vikabaki kwetu, havina pa kurudi. Likizo ya kwanza Adongo alirudi na sketi ya samawati yenye marinda, inayonukia vidonge vya nondo, na Kiingereza kinachomtoka puani. Nilimwonea wivu kwa sketi, kwa soksi, hata kwa ukurutu alioambukizwa bwenini. Mimi nilijifunza kushona nguo. Kwa miaka mingi cherehani yangu ilishona sare za watoto wa wengine, na kila rinda nililipiga pasi kama naliadhibu.

Siku hizi nyumba zote mbili nyumbani ni za mabati, na neno lile limepanda bei kuliko sangara. Mtu anayetaka kura hushuka kwenye gari refu kama mtumbwi, akatuambia ametoka familia humble. Mazishini kila marehemu alikuwa humble, hata yule aliyetufukuza na panga kwa ajili ya mpaka wa shamba. Vijana kule stendi humsifu kwa neno hilo tajiri anayewasalimu. Mimi mwenyewe nilikutana nalo tena katika masomo ya jioni hapa mjini Homa Bay, nikiwa na wajukuu, nikakuta ni kitenzi pia: kumshusha mtu. Nikamwambia mwalimu hiyo maana ya tatu naijua tangu zamani, nilifundishwa dirishani.

Nilipohitimu, wenzangu walinichagua nitoe hotuba. Niliiandaa mwezi mzima mbele ya cherehani, na mwanzo wake ulikuwa huu: mimi nimetoka familia ya humble. Hatimaye zamu yangu! Lakini mgeni rasmi alikuwa nani? Adongo, ambaye sasa ni mkubwa katika ofisi fulani, kwa viatu vinavyolia ko-ko-ko. Akatangulia kuongea. "Mimi nimetoka familia ya humble kabisa," akaanza, nami nikahisi hotuba yangu ikinifia mkononi. Akasimulia karai, kigoda, kopo lililopasuka. Kisha akanitazama. "Dada yangu yule hajui. Siku ile niliona aibu. Nilisikia vijiko vyetu vikigonga vikombe vyetu, nyumba ya pili, watu wakicheka. Nilimwonea wivu. Mpaka leo namwonea."

Watu wakapiga makofi. Jamani! Neno kalichukua, karo kaichukua, sasa na wivu wangu anautaka!

Nikasimama, nikakunja karatasi. "Mimi," nikasema, "nimetoka ile nyumba iliyokuwa na vikombe." Adongo ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, machozi yanamtoka, nami nikamwonea wivu hata kwa jinsi anavyocheka vizuri mbele za watu.

Mstari wa mbele waliketi mama zetu wawili, mikono yao imeshikana. Chai ikaletwa kwa vikombe vya karatasi, vile vinavyolegea ukivishika. Mama akakiinua chake, akakizungusha, akautafuta ukingo wa dhahabu. Kisha akamwinamia mwenzake, na kwa kuwa masikio yake yamezeeka, ukumbi mzima ukamsikia.

"Nyieka, kwa nini hawakuniambia mapema? Ningewaazima vikombe."