Mikono ilinitetemeka, wakasema nimelewa ulanzi

Kamwene wakuu. Mimi ni bibi wa Njombe, natype kwa kidole kimoja, kwa hiyo nguvu ya kutunga uongo sina.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Makambako haikuwa na reli, ni njia panda ya malori tu. Mume wangu alikuwa mgema wa ulanzi, ile pombe ya mwanzi, nami nikiwauzia madereva.

Kwetu Walutheri kuuza kulivumiliwa. Mwanamke kulewa? Thubutu! (Msiniulize mantiki.)

Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mikono ikaanza kutetemeka. Namimina ulanzi, nusu unaenda chini. Mama mkwe akawa ananinusa mdomo kila nikirudi.

Wazee wa kanisa wakaniita. Mtoto atabatizwa, wakasema, ila mimi sitasimama naye mpaka nitubu ulevi.

Nikawajibu, "Baba zangu, sijaonja hata tone. Situbu dhambi nisiyoifanya, na mtoto habatizwi bila mimi."

Iliniuma sana, wakuu. Nililia, kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia.

Maana nilianza kujichunguza. Nakula kama wapasua mbao, lakini nakonda. Moyo unakimbia nimekaa. Na baridi ya Juni ile ya Njombe, mimi natupa blanketi!

Mume akasema nisubiri mavuno yaishe. Sikusubiri. Nikambeba mwanangu, nikapanda lori la mbao hadi hospitali ya misheni.

Daktari alinishika shingo, akaniambia nimeze mate, akapima mapigo ya moyo.

"Mama, hii ni tezi ya shingo. Inafanya kazi kupita kiasi."

Nilimeza dawa miezi mingi. Mikono ikatulia polepole.

Kiongozi wa wale wazee akasikia habari ya tezi, akaja nyumbani, mpole kweli. "Mama Tumaini, tumekusamehe."

"Mmenisamehe nini, baba?"

Alivua kofia. Kisha akasema, "Basi utusamehe sisi." Mwanangu akabatizwa akiwa mikononi mwangu.

Wakuu, kutetemeka si pombe tu. Kuna tezi, sukari kushuka, dawa fulani, wasiwasi, magonjwa ya mishipa ya fahamu. Hata mnywaji ni mgonjwa, na asiache pombe ghafla bila daktari.

Kusipokoma, au ukikonda na moyo kwenda mbio, nenda ukapimwe. Kukija ghafla, mdomo umepinda au upande mmoja umelegea, ni emergency, nenda saa hiyo hiyo.

Haya, comment zenu. Ila pole sizitaki. Niambieni mmempeleka nani hospitali.