Fundi Pindo na Tundu Lile Lile

Kwa miaka ishirini na sita Fundi Pindo alishona satini, kitambaa kisichosamehe. Ukikichoma mahali pasipo pake, tundu halifungi. Piga pasi hadi jasho likutoke, litabaki linakukodolea macho. Wateja walimpa jina la Pindo kwa sababu mapindo yake hayakuonekana. Lakini mwaka huo uzi ulianza kumkataa. Aliulenga kwenye sindano mara tano, mara sita, akaona ukungu tu. Alikuwa na kisukari, na sukari ilikuwa imepanda haitaki kushuka, ingawa hakukosa kujichoma insulini hata siku moja. Macho yakienda, cherehani nayo imekwenda.

Zahanati walimwambia sasa anahitaji bingwa wa homoni. Wifi yake, karani wa mahakama anayependa kila chenye mhuri, akalivalia njuga.

"Tutamchagua kama bwana harusi," alisema. "Tunauliza, tunachunguza, tunakataa."

"Wewe si ulichunguza ukampata kaka yangu?"

"Ndipo nilipojifunza."

Bingwa wa kwanza alikuwa na kiyoyozi na vyeti ukuta mzima. Wifi alivisoma vyote, midomo ikimcheza. Bingwa akatupia jicho daftari la vipimo, akaongeza dozi, akaaga. Dakika sita. Mwezi ukapita, sukari ikabaki pale pale.

Wa pili alikuwa juu ya duka la matairi, ngazi zinanuka mpira.

"Tumekuja kuziba pancha," wifi alinong'ona.

Mwanamke mfupi aliwapokea, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Daftari alilisoma taratibu, akaliweka kando.

"Mama, nionyeshe unapojichoma."

Pindo aliinua blauzi, akaweka kidole bila hata kutazama, kushoto kwa kitovu.

"Kila siku hapo?"

"Hapo hapo, daktari, mwaka wa nne huu. Sitaki kujitoboatoboa. Tena siku hizi hapaumi."

Daktari alifumba macho, akapapasa. Vidole vilikwenda, vikasita, vikarudi, vile vile kama Pindo anavyotafuta fundo la uzi ndani ya bitana. Pindo alibana pumzi.

"Lete mkono wako. Gusa hapa. Sasa gusa huku."

Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe laini, upana wa kifungo cha koti. Miaka yote hiyo alidhani ni unene.

"Dawa inanasa humo," daktari alisema. "Leo inapita kidogo, kesho haipiti."

"Niliogopa matundu."

"Ngozi si satini, mama. Inajishona yenyewe."

Pindo alitazama tumbo lake kana kwamba ni la mtu mwingine. Matundu elfu na zaidi, na hakuna hata moja lililobaki wazi. Ni fundi gani huyo asiyeacha alama?

"Na kabla sijaugua," aliuliza, sauti imeshuka, "kazi hii ya sindano aliifanya nani?"

"Kongosho. Liko nyuma ya tumbo, urefu wa kiganja. Lilikuwa linakupimia insulini tone kwa tone, hata ukiwa usingizini."

"Bila futi?"

"Bila futi."

Machozi yalimlengalenga. Alikuwa amekaa na fundi mwenzake maisha yote, wala hajawahi kumpa hongera.

Daktari alimwambia ahamishe sindano kila siku, vidole viwili kutoka pa jana, na aukwepe ule uvimbe. Dozi akaipunguza, maana sasa dawa itafika kweli. Akitetemeka na kutoka jasho, apime, anywe maji ya sukari upesi. Kisha akamwandikia barua ya kupimwa macho.

Wiki ya saba sukari ilikuwa imeshuka, na uzi uliingia kwenye sindano mara ya pili tu.

"Kwa hiyo wa matairi amepita?" wifi aliuliza mlangoni. "Sikuona hata cheti kimoja."

Pindo alikuwa ameshika chaki ya kushonea, anapima vidole viwili tumboni. Akachora alama ndogo ya leo, na pale pa jana akapapasa kwa muda mrefu, akitafuta tundu.

Hakuliona.