Lami Juu ya Nyufa

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo damu inanichemka, na sasa meno yenyewe yamebaki ya kuhesabu. Usidhani nimewakasirikia watu. Aliyetenda ni mimi. Hasira hiyo nimekaa nayo miaka mingi, na leo naitoa nje uione, maana juzi hapa Nyamasaria nimemsikia kijana wa jirani akiwaambia wenzake, "Mimi nishafeli, mimi ndio basi tena." Umri wake miaka ishirini na miwili! Basi ya nini? Nilitaka kuinuka nimchape na bakora yangu, mguu ukakataa. Ndiyo maana nakuambia wewe.

Miaka ile ya themanini nilikuwa fundi wa mashua pale Dunga, kando ya ziwa. Mbuta, wale sangara wakubwa, walikuwa wamejaa, wanunuzi wanatoka kila upande, na kila aliyetaka mashua aliitaka upesi. Kazi nilifunzwa na Mzee Okelo, mtu wa maneno machache na mkono mzito, na mwaka huo ndipo aliponiruhusu kwa mara ya kwanza kujenga peke yangu, tangu ubao wa kwanza hadi rangi. Mashua yenyewe ilikuwa ya Mama Awino. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akamwachia watoto wanne na mashua kuukuu iliyooza. Ili apate mbao za hiyo mpya aliuza ng'ombe wa mwisho bomani. Hakuwa na kitu kingine cha kuwalishia wale watoto wala cha kuwasomeshea.

Mzee Okelo alikuja akazigonga zile mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akasema, "Hizi bado zina maji. Ziache kivulini miezi miwili." Akaenda zake. Miezi miwili! Na pale ufukweni kulikuwa na fundi mwingine wa rika langu, naye anajenga yake, na watu wameshaanza kuulizana nani atatangulia. Nikazipigilia mbao zikiwa mbichi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Mimi nilivunja la mjane, na hilo ndilo linalonichoma.

Nikueleze kidogo, maana ninyi siku hizi mashua mnaziona kwenye picha. Kati ya ubao na ubao fundi hushindilia pamba kwa patasi na nyundo, halafu hupaka lami juu. Watu wa pwani wana neno lao kwa kazi hiyo, sisi tulisema tu kuziba. Sasa, ubao mbichi ukikaa juani hunywea, pamba inalegea, nyufa zinafunguka. Mashua yangu ilikaa juani wiki tatu ikimsubiri pasta, kwa sababu mimi, bwana mkubwa, nilitaka izinduliwe Jumamosi kwa maombi na kwaya. Siku mbili kabla nikaingia ndani yake, nikainama, nikaona mwanga wa jua ukipenya kati ya mbao. Nimesema niliona. Asije mtu akaniambia eti fundi alikuwa kijana, hakujua. Nilijua! Nikachukua lami nikapaka juu ya nyufa, juu ya lami nikapaka rangi ya bluu, nikaenda mjini kuazima suti.

Kwetu pale ilikuwa desturi kwamba fundi ndiye wa kwanza kupanda mashua aliyoijenga. Anapanda, anakaa, ndipo wavuvi wanamfuata. Siku hiyo nikasema sitaki kulowesha suti ya watu. Wakacheka, wakasema fundi amekuwa mheshimiwa. Wavuvi wanne wakapanda na nyavu mpya, wakapiga kasia, kwaya inaimba, mimi nimesimama kando ya pasta nimekunja mikono.

Hawakufika mbali. Lami ilipasuka, maji yakaingia kila upande, na kwaya bado wanaimba kwa sababu hawakuelewa. Mashua ikajaa hadi ukingoni. Watatu wakaogelea, wa nne hakujua kuogelea, wakamvuta kwa kola ya shati. Hakufa mtu. Namshukuru Mungu, lakini usinipe hilo kuwa faraja, si mimi niliyemvuta. Nyavu zilipotea. Mama Awino alikuwa amesimama majini hadi magotini akiitazama mashua yake. Watu wakapiga kelele: "Yawa! Fundi wa suti!" Jina hilo lilinikaa miaka.

Nikakimbia. Nilikwenda Kaloleni kwa dada yangu Atieno, nikajifungia chumbani wiki tano. Watu wakaja kunipa pole na soda na maombi. "Pole ndugu, ilikuwa imepangwa." Imepangwa na nani? Aliyepanga alikuwa amelala pale kitandani amevuta blanketi! Lakini sikuwajibu hivyo, nilizipokea pole zile, na ya leo ikiisha naitaka ya kesho. Nikasema sina bahati. Nikasema nimerogwa. Nikasema Mzee Okelo alinionea kijicho. Siku nyingine nililia, na nikilia najiona mtu mwema kweli, mwenye majuto. Mwanangu, hapo ndipo ninapotaka unisikilize. Katika wiki tano hizo sikujiuliza hata mara moja Mama Awino amekula nini. Nilikuwa najililia mwenyewe.

Siku moja mchana Mama Awino akaja. Hakupiga hodi. Dada yangu alimpa kiti, hakukitazama.

"Omondi," akasema, "umenenepa."

Nikaanza kulia pale pale. "Mama, nisamehe, mimi si mtu wa..."

"Nyamaza! Nani amekuuliza habari ya kusamehe? Sikuja kukusamehe, nimekuja kukuchukua. Mashua yangu iko kwa matope wiki tano. Watoto wawili wamerudishwa nyumbani, shule imewafukuza. Na wewe umelala hapa unajililia. Hayo machozi yanaziba ufa gani?"

"Mama, watu watanicheka."

"Wacha wacheke! Mimi wananicheka kila siku nikienda sokoni. Kwani nimekufa?"

Dada yangu akaingilia, "Lakini Mama, bado ana uchungu." Mama Awino akamgeukia, sauti ikashuka. "Nyathina," akamwambia, yaani mwanangu, "utambembeleza huyu mpaka lini? Mchelea mwana kulia hulia yeye." Kisha akatoka nje akasimama juani akingoja.

Nilikasirika, mwanangu. Mwanamke huyu ni nani wa kuniingilia hivi? Na katika hasira ile nikagundua nimeshasimama na viatu viko mguuni. Tulikwenda kwa miguu hadi Dunga, yeye mbele mimi nyuma, hakugeuka kuniangalia hata mara moja.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuifumua pamba yote niliyoishindilia. Kila ufa nilioufungua nilikutana na ujinga wangu mwenyewe. Mahali pengine sikuwa nimetia hata pamba, ni lami tupu! Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyodanganya. Watu wakipita wananiita, "Fundi wa suti, leo tai iko wapi?" Siku ya pili karibu nimrushie mtu nyundo. Aibu haikuisha, na wanaokuambia aibu huisha wanakudanganya. Iliendelea kuwapo, na mimi nikaendelea kufumua. Kufika wiki ya tatu watu wakapata mwingine wa kumcheka.

Jambo zito kuliko kufumua lilikuwa kwenda kwa Mzee Okelo. Nikamwambia, "Mzee, niliona mwanga kabla ya uzinduzi. Nikapaka lami."

Akasema, "Nilijua ulipokataa kupanda. Lakini wavuvi walikuwa wameshasukuma." Akaongeza, "Na mimi nilichelewa kupaza sauti. Hilo ni langu." Yeye, mzee mzima, alibeba sehemu yake kwa maneno machache, na mimi nilikuwa nimeikimbia yangu wiki tano. Niliona haya kuliko siku ile ya kwaya.

Nikazing'oa mbao zote, zikakaa kivulini miezi miwili. Miezi ile ile niliyoikataa! Na wakati huo watoto wa Mama Awino hawangekula kivuli. Kwa hiyo asubuhi nilisimama na kina mama nikibeba karai za samaki kutoka mashua za watu wengine, nikampelekea yeye nilichopata. Mwanamume mzima, fundi, na karai kichwani. Kina mama walinicheka mpaka wakachoka, halafu wakanifundisha kukunja kata ya kuwekea kichwani nisiumie.

Mashua ilipokwisha hapakuwa na pasta wala kwaya. Ilikuwa Jumanne. Nilipanda wa kwanza nikakaa chini kabisa, wavuvi wakanifuata na nyavu za kuazima. Tulipofika maji marefu nikaona unyevu, ukawa mchirizi, sehemu mbili. Nilitaka niruke nirudi Kaloleni kwa kuogelea.

Mama Awino akapaza sauti kutoka ufukweni, "Inavuja?"

"Kidogo!"

"Kopo liko?"

"Liko!"

"Si uteke maji! Nendeni!"

Tukaenda. Nikateka maji na kumwaga nje hadi saa sita mchana, na tukarudi na samaki. Mashua ile ilivua miaka kumi na moja. Watoto wanne walisoma.

Alinisamehe? Sijui, hakuwahi kusema. Miaka ya tisini alipotaka mashua ya pili alikuja kwangu, akawapita mafundi watatu njiani. Ila mbao alizikausha mwenyewe nyumbani kwake, mwaka mzima, chini ya kitanda na juu ya dari. Kazi alinipa, mbao hakuniamini nazo. Nami nilimpa haki yake, kwa sababu imani ukishaivunja, uliyemvunjia ndiye wa kusema itarudi kiasi gani.

Basi, mwanangu, nikuambie wazi nisikufiche. Ukianguka, lia, lakini lia siku tatu kama watu wanavyolia matangani, kisha toka nje. Sema ulichofanya kwa jina lake, usikipake lami. Mficha maradhi kifo humuumbua. Usimwambie mtu kwamba ilipangwa kama mpangaji ni wewe. Tafuta aliyeumia kwa kosa lako, uende kwake, hata kama hatakukaribisha ndani. Usingoje kwanza upate nguvu, mimi sikuwa nazo nilipovaa viatu, zilikuja njiani. Na wakikucheka, waache. Kosa moja haliachi mke, wala halimfukuzi fundi kazini kama hajajifukuza mwenyewe. Nakuambia kwa ukali hivi kwa sababu nakupenda, na kwa sababu zile wiki tano zangu hakuna wa kunirudishia.

Mungu akupe miguu ya kurudi pale pale ulipoaibikia, mchana kweupe, watu wakiona. Mikono yako ipate kazi kabla machozi hayajakauka. Na siku utakapojifungia ndani na kila mtu anakupa pole, Mungu akuletee mtu mmoja asiyekuonea huruma.