Bi Harusi Aliyekufa kwa Maikrofoni Yangu

Siku yangu ya kwanza kwenye gari la sinema, Msimamizi alinikabidhi maikrofoni akasema, "Kazi yako ni kutafsiri. Watu wasipolia, umeshindwa." Niliipenda kazi hiyo kufa!

Filamu zilikuja kwa rili, yaani magurudumu ya bati yaliyozungushiwa utepe wa picha. Moja ikiisha, fundi alisimamisha mashine afunge nyingine. Tulionyesha mchana, madarasani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Za mapenzi ndizo zilizojaza watu, hasa ile ya bi harusi mwenye kisukari. Alizirai kwa madaha, nywele hazikuvurugika hata kidogo, akafia mikononi mwa mchumba wake. Kule Matinyani niliona machozi hayatoshi, nikaongeza langu: "Ugonjwa huu hauna dawa, na mwenye nao hazai!" Walilia mpaka nikaona raha.

Wiki iliyofuata tulikuwa Ikutha. Tukitundika mablanketi, msichana aitwaye Mwende alinijia.

"Ni wewe ulisema watu wa sukari hawazai? Mama ya mchumba wangu alikuwa Matinyani. Sasa amekataa harusi. Na leo amekuja na dada zake waone."

"Filamu ndiyo ilisema," nikajitetea.

"Wapi? Leo nitasikiliza mwenyewe. Mimi nimesoma, Kizungu nasikia."

Niliona aibu kubwa. Msimamizi nilipomweleza alifoka, "Usiguse filamu!" Basi nikangoja fundi abadilishe rili ya mwisho, nikakiri mbele ya wote kwamba yale ya kuzaa niliyatunga mimi. Kisha nikampa Mwende maikrofoni.

"Mimi niko na hii ugonjwa miaka sita," alisema. "Asubuhi najidunga sindano, halafu naenda mtoni."

Mama mkwe akasimama. "Maji unabeba mwenyewe?"

"Mwaitu, mama yangu, hata ile chai ulikunywa kwetu ukikataa harusi, maji ni mimi nilibeba."

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko, na mama mkwe naye akacheka! Rili ikaanza. Bi harusi akaanguka, mchumba akaanza kuimba. Kabla sijatafsiri, mama mkwe alipiga kelele, "Wacha kuimba! Mpeleke hospitali!" Wote wakadakia. Hakulia mtu.

Msimamizi alinihamishia Kasikeu kwa hasira. Nilitafsiri miaka mingi huko mpaka video zikatumaliza, nikastaafu. Lakini ninyi vijana mkiniuliza siku iliyonifurahisha kuliko zote, ni ya harusi ya Mwende. Nilialikwa kumtafsiria mchungaji, na mama mkwe akasimama ubavuni mwangu mwanzo hadi mwisho, kuhakikisha siongezi neno.