Nilijifanya Kukisoma Kitabu cha Fundi, Fundi Akapelekwa Moroni

Msomaji huyu yuko Komoro. Jina lake tumelificha, kama alivyoomba.

Nina miaka kumi na tisa, wa hapa Mutsamudu, na kwa maneno sina mpinzani. Shule niliiacha kabla haijaniacha. Mama alizaliwa Unguja, ndiyo maana Kiswahili changu mnakisoma bila taabu. Basi vijana wa mtaani nikawatangazia kwamba na Kiingereza nakijua. Nani atanipima? Hapa watu wanasoma Kifaransa na Kurani.

Fundi wangu, anayenifundisha kazi, hutengeneza mizani na vipimajoto vya wanaopika mafuta ya mlangilangi kule Patsy. Ana kitabu kimoja kimechakaa, mwongozo wa maonyesho ya vyombo vya sayansi yaliyofanyika London kabla sijazaliwa. Alipewa na mpima ardhi mmoja alipokuwa kibarua Unguja, na anasema hata huko London huenda hakipatikani tena. Kusoma hawezi, hutazama michoro, akatengeneza. Nilikuwa namtania, "Fundi, unakikumbatia kama bibi harusi!" Anacheka, ananizaba kofi la kisogoni. Binti yake, nitamwita Zaina, nimeshamposa.

Siku moja walinzi wa rais wakaja kupekua, pamoja na mzungu mmoja wa hao mamluki wa Kifaransa. Walitafuta redio ya kuongea na wapinzani walio ng'ambo, wakaikosa. Wakakuta kitabu. Mzungu akafunua picha ya sanduku lenye nyaya.

"Hiki nini?"

"Cha kupimia, bwana," Fundi akajibu.

Mlinzi akauliza nani anajua Kiingereza. Vijana waliojazana mlangoni, mashetani wale, wakanisukuma ndani: "Huyu hapa! Mwingereza wetu!"

Ningesema sijui, ningechekwa mpaka Mirontsy. Nikakishika kitabu, nikasoma kwa sauti, pua juu, wala sikuelewa hata neno moja.

"Kinasema nini?"

Nikaziangalia zile nyaya. Nikasema, "Kinafundisha namna ya kuongea na watu walio mbali."

Wakamfunga Fundi mikono kwa waya wake mwenyewe, wakampeleka kifungoni Moroni, kisiwa kingine. Na mimi, nisiwafiche, nilitoka kifua mbele, maana mzungu alinipiga begani akaniita msomi.

Sasa nakalia kiti chake, wateja wananiita fundi. Mtu aliyetoka kifungoni anasema vidole viwili vya Fundi vimevunjwa, na kila siku anaulizwa huwa anaongea na nani. Zaina akanijia.

"Najua hawakukuelewa. Panda boti, ukawasomee tena, taratibu. Baba hana mwingine anayejua Kiingereza."

Akanifungia mikate na samaki nimpelekee babake.

Siku ya boti nilijitia homa. Zaina akanikanda kwa maji kutwa nzima. Ile mikate niliila mwenyewe.

Nikikiri sijui Kiingereza, watanibakisha mimi kifungoni. Nikisoma tena, sijui safari hii ulimi utatoa nini. Boti nyingine inaondoka mwezi ujao, na Zaina ameshaniandalia nguo. Ndugu wasomaji, nishaurini: nipande, au niugue tena?