Mwalimu Wangu wa Mapishi Amempa Mwingine Jina Langu

(Mwenye barua hii yuko Bagamoyo. Ametuomba tumsitiri, na majina yote tumeyabadilisha. Msomeni kwa huruma.)

Wasomaji wenzangu, salaam. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, sina mume wala mtoto. Kwetu ni ng'ambo ya mto Ruvuma. Nilivuka na mama yangu baada ya askari wa Kireno kuchoma kijiji chetu, mama akafia njiani upande huu, hata kambini hatujafika. Kuandika nimejifunza juzi juzi tu kwenye elimu ya watu wazima, kwa hiyo nikikosea mnisamehe.

Kutoka kambini nililetwa hapa Bagamoyo, kwenye darasa la mapishi ambalo wahisani walilifungua kwa ajili yetu wakimbizi, ili tupate kazi tuache kuishi kwa kugawiwa unga. Mwalimu wetu nitamwita Bi Tatu, mama mtu mzima wa mjini hapa. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni naona haya, maana nina chale usoni kama ilivyo desturi ya kwetu, na watu walikuwa wananikodolea macho. Akanishika mkono akasema, "Njoo mwanangu, kaa hapa ukune nazi. Hapa hakuna mgeni." Mimi tangu mama afe sikuwa nimeitwa mwanangu na mtu.

Akanichukua nikakae kwake, mtaa wa Dunda. Nilipougua homa alinikanda kwa mikono yake. Na kazi nayo alinifundisha kwelikweli: kukanda unga wa ngano, kuoka mkate kwa moto wa juu na chini, biriani, samaki wa kupaka, hata supu za kizungu. Siku ya kumaliza tulifanya karamu, wakaja wakubwa, na mmoja wao alikuwa meneja wa hoteli ya watalii iliyojengwa pwani, njia ya kwenda Dar es Salaam. Mimi nilipika kamba wa nazi. Nilikuwa jikoni muda wote, lakini wenzangu waliniambia yule bwana alirudia sahani mara tatu na akauliza jina la mpishi. Hoteli ilikuwa imeahidiana na wahisani kuchukua mkimbizi mmoja.

Nilingoja. Vyeti vyetu alivitunza Bi Tatu kwenye kasha lake, alisema tukikaa navyo wenyewe vitaliwa na mchwa. Baada ya wiki mbili akaniita chumbani, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya huruma, "Mwanangu, usivunjike moyo. Hoteli wamekukataa. Wanasema watalii watatishwa na chale zako."

Nililia mpaka nikakosa machozi. Kuanzia siku ile nikawa natembea nimejifunika kanga uso mzima, yakabaki macho. Nikaanza kukaanga samaki pale sokoni, nimewapa wanunuzi mgongo. Siku hizo hizo mpwa wake Bi Tatu aliyekuwa akikaa nasi, nitamwita Zuhura, aliondoka nyumbani, nikaambiwa amepata kazi Dar es Salaam ya kulea watoto.

Mwezi uliopita akaja sokoni mnunuzi wa hoteli ile, anatafuta kamba. Akaonja samaki wangu, akacheka. "Dada, mkono wako mzuri, lakini meneja anaapa hakuna anayemfikia mkimbizi wetu wa ng'ambo ya Ruvuma, kwa kamba aliowapika siku ya karamu." Akataja jina. Wasomaji, alitaja jina langu, na la baba yangu, na la kijiji chetu.

Nikamuuliza yukoje huyo. Akasema, "Mcheshi, ana kidoti shavuni. Kiswahili anasema kama mtu wa hapa hapa."

Niliacha samaki motoni nikaenda nyumbani. Bi Tatu alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Zuhura yuko wapi?" Akanitazama, akajua nimeshapata habari. Hakukana.

"Wewe vita vikiisha utarudi kwenu," akasema. "Zuhura atarudi wapi? Ameachika, ana watoto wawili, hakuna anayemtazama ila mimi. Na cheti hakina picha."

"Na chale je, mama? Mbona uliniambia wameukataa uso wangu?"

Akaendelea na mchele wake. Akasema, "Sasa ningekuambia nini?"

Kazi ningeweza kumsamehe. Hilo la chale siwezi mpaka leo.

Jumapili Zuhura mwenyewe akaja, amepiga magoti mbele yangu. Kupika hajui. Meneja kila siku anadai wale kamba, naye amechoka kusingizia nazi mbaya. "Dada, nisitiri," akasema. "Jikoni wanatafuta mtu wa kuosha vyombo. Nimeshakusemea. Utapika wewe, mimi nitapeleka mezani, na mshahara wangu tutagawana. Ila kule itabidi uitwe Zuhura, maana jina lako ndilo ninalotumia."

Bi Tatu akadakia, "Si unaona mwanangu? Wote mtakula."

Nikienda kusema kwa wahisani, Bi Tatu atafukuzwa na darasa huenda likafungwa, na wako wenzangu wanane mle ndani ambao bado hawajamaliza. Tena balozi wa nyumba kumi anayenithibitishia ukaazi wangu ni shemeji yake Bi Tatu. Nikinyamaza nikabaki sokoni, Zuhura ataumbuka na jina litakalochafuka ni langu. Na nikikubali, nitaingia katika jiko lililokuwa langu nikaoshe masufuria kwa jina la aliyeninyang'anya.

Wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Kanga usoni nimeshaivua. Lakini bado nalala nyumba ile, na kila asubuhi Bi Tatu ananiwekea chai na kuniita mwanangu, nami naitika. Nyinyi mlio na mama zenu, nipeni shauri: niende wapi, na nikifika nijitambulishe kwa jina gani?